Koti la Nyangi na Sauti ya Wegesa

Ndugu wafiwa na majirani mliofika, haya ndiyo maisha ya Wegesa Kisyeri, Mama Mokami, kama familia inavyoyakumbuka.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 huko Kemambo, Tarime, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1951, akafaulu kuendelea na masomo, lakini ng'ombe wa mahari yake walihitajika ili kaka yake Wangwe aoe, hivyo mwaka 1954 akaolewa na Waitara wa hapa Nyansurura, wakajaliwa Mokami, Simoni, Agustina na Mogesi, naye akalima, akasaga wimbi, akanyamaza.

Mwaka 1975 Felista, mwalimu wa elimu ya watu wazima kijijini, alitunga mchezo wa jukwaani, wa nyimbo mwanzo hadi mwisho, juu ya mama wa nyumbani anayesaga huku moyo wake uko mbali, akamchagua Wegesa awe huyo mama, na kwa kuwa hakuna mwanamume aliyekubali kuigiza mume, jirani yetu Nyangi, mwanamke mwenzake, akavalishwa koti na kofia.

Siku ya Saba Saba 1976 Wegesa alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akaimba kwamba alitamani kuwa mwuguzi, akina mama wakalia, wazee wakachukia, wakamwita Waitara na kumtaka amkataze mkewe kuanika mambo ya nyumba hadharani. Waitara alirudi amenuna, akamuuliza kama maneno yale ni yake, Wegesa akajibu kuwa maneno ni ya Mwalimu Felista, ila machozi ni yake mwenyewe, na Waitara hakumkataza, maana alijua akimkataza sauti ile haitasikika tena.

Jumapili iliyofuata aliwaambia wazee kwamba mkewe ataimba, kisha akaenda kwa Nyangi kuomba koti, na hadi mwaka 1981 aliigiza mume yule mkorofi, akazomewa kuanzia Busawe hadi Tarime mjini, naye Wegesa akaimba kama ndama aliyefunguliwa kamba, nasi tulijivuna kweli kweli.

Mwaka 1982 Wegesa alianza kuugua moyo, na alipoishiwa nguvu, Waitara mwenyewe alipiga magoti kwenye jiwe, akamsagia wimbi kwa ajili ya uji, akijaribu wimbo ule, Wegesa akimsahihisha kutoka kitandani huku akicheka, mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1983.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, Mwalimu Felista na wanakikundi wote, na Nyangi, ambaye koti lake Mzee Waitara amelivaa leo.

Pumzika kwa amani, Mama Mokami, unga umetosha.