Mwezi wa Tatu kwenye Mkao Mmoja

Asubuhi, ndani ya treni, mpima ardhi alikunja gazeti ili asikilize vizuri mambo yasiyomhusu. Mbele yake, fundi cherehani mwenye mkeka wa mazoezi mapajani alikuwa akimsimulia dereva mstaafu wa malori habari za darasa la yoga ya ashtanga, ile ya mikao inayofuatana kwa mpangilio maalumu, kwenye ukumbi wa mtaa.

"Mwalimu hakupi mkao mpya mpaka uuweze wa kwanza. Mimi mwezi wa tatu huu, niko palepale."

"Dada, hata gari bovu hutoka gereji!"

"Niliiga mkao wa jirani, nikaruka mbele. Nikarudishwa mwanzo, watu wakitazama."

"Na bado unakwenda?"

"Mzee wangu, kabla ya darasa hili daktari alishaniambia niuze cherehani, mgongo umekataa kiti. Jana nimeshona saa nne mfululizo."

Mpima ardhi, anayeamini vipimo tu, alikubali kwamba hicho ni kipimo.

Dereva alisugua goti. "Mimi kuinama siwezi."

"Unaanza na kupumua. Nako kumekushinda?"

"Usinichokoze."

Treni ikasimama, fundi akashuka kwenda darasani. Dereva, ambaye tiketi yake ilikuwa ya kituo cha mwisho, akamfuata akichechemea na kubisha: "Naja kutazama tu, nisipewe mkeka!"