Morfudd Bebb na Kiambaza cha Llanerwan

Wasikilizaji wapendwa, Morfudd Bebb hatunaye tena. Alifariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake katika kijiji cha Llanerwan, akiwa na umri wa miaka themanini na tatu. Wengi wenu hapa wilayani Maldwyn mlimjua kama mpiga kinanda. Wengine mlimjua kama mzee wa kanisa, yule aliyekuwa akifukuza kondoo makaburini kwa mwavuli. Mimi leo nataka kumkumbuka kwa ajili ya kiambaza.

Kiambaza cha Llanerwan ni ule ukuta wa mbao zilizochongwa mbele ya madhabahu. Una mizabibu, una malaika, na umri wake ni miaka mia tano. Hauna msumari hata mmoja. Umeshikwa kwa vigingi vya mbao tu.

Sasa, Morfudd alikuwa na kaka yake, Ithel. Mzee Ithel yupo, na anatusikiliza. Baba yao alipofariki, kasisi wa wakati ule alimzika kwa Kiingereza, si kwa lugha yetu. Ithel alitoka ibada ikiendelea. "Baba hakuwahi kusema na Mungu neno moja la Kiingereza," alisema. Akahamia kwa Wamethodisti huko juu kilimani, na kwa miaka mingi hakukanyaga kanisani. Morfudd alibaki. Ndugu hao walisaidiana kukata manyoya ya kondoo kila mwaka, lakini habari za kanisa hawakuzigusa.

Kisha mto ukafurika. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa Novemba. Maji yaliingia kanisani yakafika magotini. Morfudd alijua mbao zikilala majini zitaoza. Akampigia simu Ithel.

Ithel alikuja na trekta. Mlangoni akasema, "Elewa, we Morfudd. Sikuja kanisani. Nimekuja kwa dada yangu."

"Njoo kwa yeyote unayemtaka, kaka, lakini njoo upesi!"

Walitaka kukifungua kiambaza wakitoe nje, lakini vigingi vilikuwa vimevimba kwa maji, havitoki. Ithel akachukua msumeno. Morfudd akaweka mkono juu ya mbao.

"Ukitaka kukata hapa, anza na mkono wangu."

Ithel akamtazama. Akautupa msumeno, akachukua nyundo ya mbao. Wakavigonga vigingi kimoja kimoja, na majirani wakaja kubeba. Kipande cha mwisho kiliteleza kikamwangukia Morfudd mkononi. Vidole viwili vilivunjika. Havikunyooka tena, wasikilizaji wapendwa. Mpiga kinanda wa Llanerwan hakupiga tena kinanda.

Hakulalamika. Lakini Tegwen, binti yake Ithel, ameniambia hivi: "Nilimkuta siku moja amekaa mbele ya kinanda, kifuniko kimefungwa. Nikamuuliza, shangazi, unafanya nini? Akasema, napumzisha miguu. Nikaondoka. Nilijua si miguu."

Kiambaza kilihifadhiwa kwa Wamethodisti, kwa sababu huko juu ndiko kulikokuwa kukavu. Wapo walionung'unika. Mmoja alisema, "Malaika hawa wanatutolea macho tukisali."

Ithel akamjibu, "Basi wewe fumba ya kwako."

Mwaka uliofuata wakaja wakubwa wa kanisa kutoka mjini. Walisema kanisa la Llanerwan lifungwe, na kiambaza kipelekwe jumba la makumbusho. Mkutano ulifanyika kwa Wamethodisti. Morfudd alisimama ili aseme, akashindwa. Akaketi. Ndipo akasimama Ithel, na wengi walidhani atashukuru kuondolewa mzigo.

"Dada yangu ameacha vidole viwili kwenye mbao hizi," alisema. "Anayezitaka aje hapa mbele, amwombe yeye."

Hakuna aliyekwenda. Wageni walikunywa chai, wakala mkate wa zabibu, wakarudi mjini. Haikuishia hapo, ilichukua miaka ya kubishana na kuchangishana. Lakini kanisa lilitengenezwa, na kiambaza kikarudi mahali pake. Wamethodisti ndio waliokibeba kuteremka nacho kilimani.

Tangu hapo Morfudd Bebb alilifungua kanisa kila asubuhi, mpaka wiki aliyougua. Sasa anahitajika mtu wa kulifungua. Kwa muda huu anafungua Mzee Ithel. Nilimuuliza juzi kama amerudi kanisani. Akanikemea: "Mimi ni Mmethodisti, bwana. Nafungua mlango tu, siingii."

Tunatoa pole kwa Mzee Ithel, kwa Tegwen, na kwa watu wote wa Llanerwan. Nanyi mnaotusikiliza, kama kuna ndugu ambaye kuna jambo hamligusi mnapokutana, mfikirieni leo.

Nilizungumza pia na kasisi wa sasa. Anasema kila asubuhi akifika anaukuta mlango wazi, na Mzee Ithel yuko ndani, amekaa kiti cha mbele, kofia mkononi.