Mama Musoki na barabara iliyopita jikoni kwake

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupanga mji usiopenda kupangwa, Mama Bénédicte Musoki anastaafu tarehe 30 Juni. Ni sikukuu ya uhuru wa Kongo na biro yetu ya mipango itafungwa, kwa hiyo siku yake ya mwisho kazini hatakuwepo kazini. Katika mipango yake yote, huu ndio wa kwanza kukosa mpinzani.

Alifika Bunia kutoka Butembo akiwa bado msichana, na rula chini ya kwapa. Kituo chetu cha mipango kilimpa kazi ya kusimamisha nguzo fupi za saruji kwenye mipaka ya mtaa mpya. Mvua ilipokwisha, nguzo nazo zilikuwa zimekwisha. Alizikuta jikoni, tatu tatu, zikiwa mafiga chini ya vyungu vya maharagwe. Mama mmoja alimshukuru kwa moyo wote: “Majiwe ya biro iko nguvu, masufuria haianguke tena.” Mwingine angeita polisi. Yeye aliketi, akala maharagwe, akauliza watu wa hapo hujuaje mwisho wa parsele, yaani kiwanja cha mtu. Wakamwonyesha mti wa mpaka, ule ambao majirani wawili huupanda pamoja mbele ya mashahidi, na ambao hakuna mwenye akili anayethubutu kuung’oa. Tangu hapo kituo chetu hupanda miti. Katika ripoti zinazokwenda kwa wakubwa tunaendelea kuiita saruji.

Mpango Mkubwa wa mji ulitakiwa kukamilika mwaka 2000, kisha 2010, kisha 2020. Kila tulipokaribia kuumaliza, watu walikimbia vita vijijini wakaja na magodoro yao kichwani, wakajenga pale tulipochora bustani. Mama Musoki hakuwafokea. Aliwafuata wamotari, wale wa pikipiki za abiria, katika njia zao za mkato, akazichora, akaziita barabara. Wageni wa mashirika walimpongeza kwa kuwashirikisha wananchi.

Miaka kumi na miwili iliyopita aliagizwa kuchora barabara pana ya kuelekea upande wa Mahagi. Kwa rula, mstari ulipita juu ya soko dogo la maziwa, lile lenye miti ya avoka, ambako akina mama wa vijijini huja na bidoni zao, madumu ya maziwa, kila asubuhi. Mainjinia walisema soko linaweza kuhamishwa popote. Yeye alisema mji wenye lami na usio na mahali pa kunywa maziwa asubuhi ni njia tu ya kwendea mji mwingine. Akaupinda mstari.

Tuliopo bironi tulicheka pembeni, maana nyumba yake ilikuwa jirani na soko. Mwamba ngoma huvutia kwake, tukasema. Kisha Adrien, mpimaji wetu, akaenda na kamba, akarudi na vipimo. Kona ile ilipita katikati ya nyumba kadhaa, na mojawapo ilikuwa ya Mama Musoki.

Siku ya kupaka misalaba myekundu kwenye nyumba za kubomolewa, alianza na ukuta wake. Jirani yake, mzee Liévin, alikuwa amesimama mlangoni na panga. Mama Musoki akamwambia: “Kama miye niko naogopa hii rangi, weye utaniamini namna gani?” Mzee akaweka panga chini na kuomba apakiwe msalaba mdogo.

Halafu barabara ikalala miaka mingi bila kujengwa. Nyumba yenye msalaba hairuhusiwi kukarabatiwa, na anayetoa ruhusa ni yeye mwenyewe. Akajinyima. Kila masika tulikwenda kumpa pole, naye akatupa chai katikati ya ndoo zilizokinga maji ya paa.

Mwezi wa tano mwaka huu mashine zilikuja. Nilimkuta sokoni, kikombe cha maziwa mkononi, akitazama jiko lake likianguka. Nilikuwa nimeandaa utani, nikalia badala yake. Aliniuliza kama mtaro umenyooka. Wakati huo sisi tulikuwa tumekwisha kununua zawadi ya kumuaga, kiti kikubwa cha kupumzikia barazani. Baraza ilianguka kesho yake.

Sasa amehamia kwenye kilima ambacho Mpango Mkubwa umekipaka kijani na kukiita msitu wa akiba. Mti hata mmoja haupo. Kuna makanisa matatu, watoto wengi, na njia za mkato za wamotari. Anasema analala vizuri.

Mama Musoki, aksanti. Soko limebaki, na kila asubuhi tunakunywa maziwa pale kwa gharama ya jiko lako. Kiti tutakuletea Jumamosi kwa pikipiki ya mmotari. Mungu akupe miaka mingi chini ya paa lisilovuja, na biro hii isikuone kamwe kwenye ramani.