Shamba la Karatasi

Mpaka leo Donati hajui Urbanus alikuwa akila nini. Mshahara wa fundi wa njia ya reli aliujua, maana nusu ya wateja wake walikuwa watu wa reli. Kwenye benchi lake la kahawa, mbele ya stesheni ya Kilosa, Urbanus alikunywa kikombe kimoja kila jioni, hakugusa kashata, kisha akaenda nyumbani viatu mkononi ili soli zisilike. Wenzake wakamwita Peku. Alichobakiza alinunulia hisa za kampuni moja ya mkonge, na gawio la mwaka lilipokuja, nalo akalinunulia hisa nyingine. Hayo Donati aliyaelewa. Lakini mtu hali hisa, na Peku hakukonda.

Jioni moja ya Machi, mwaka wa Azimio la Arusha, Peku alikuja na habari. Wanachama walitaka kumfanya katibu wa tawi la chama, na mkutano ulikuwa Jumamosi. Azimio nalo lilisema kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote.

— Kataa ukatibu, alisema Thadeo, aitwaye Redio kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa nayo.

— Wataniuliza sababu. Nitasema nini?

— Sema unaumwa.

— Peku anaumwa? Anatembea kuliko treni, alisema Wenceslaus. Huyu alikuwa akifagia mahakama, nao wakamwita Hakimu. Akatoa hukumu yake: hisa ziandikwe jina la mke. Redio akamkatiza kwamba alisikia kwa masikio yake, mke na mume wanahesabiwa mtu mmoja.

— Basi amwache Natalia mpaka mkutano uishe.

— Natalia huyo huyo? Ukimwacha Ijumaa, Jumapili hakurudii, alisema Donati.

Hakimu hakukata tamaa. Ziandikwe jina la mama mkwe. Akaambiwa mama mkwe alishafariki. Akasema ndiyo vizuri zaidi, marehemu hagombei ukatibu. Redio akaona heri karatasi zitiwe kwenye fremu ukutani, mgeni akiuliza aambiwe ni cheti cha ubatizo. Walicheka, ila Peku hakucheka, na Donati akamwongezea kahawa bila kudai senti.

— Ninyi mna mashamba ya babu zenu Mamboya, alisema Peku taratibu. Mimi baba yangu aliletwa hapa manamba, akakata mkonge mpaka akafa, hakuacha hata tuta la viazi. Nikizeeka nitalima wapi? Shamba langu ndiyo hizi karatasi.

Redio alisema kwa sauti ya chini kwamba mabenki yameshachukuliwa na serikali, na huenda mkonge nao ukafuata. Peku akaweka kikombe chini.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa Munisagara na kikapu chake cha mihogo, akingoja treni. Walikuwa wamemwamkia shikamoo alipofika, wakamsahau.

— Samahani wanangu, alisema. Hilo shamba la karatasi, nani analilima?

Peku alitazama nyayo zake, zilizopasuka kama za baba yake, naye alijua kuliko wote kwamba manamba ndio wanaolilima. Donati hakumlaumu. Kila shilingi ya hisa zile aliiona ikitembea peku.

— Kwetu mashamba yapo, mama aliendelea, akijitwisha kikapu. Mtu akija na jembe, kijiji kinamkatia kipande.

Usiku ule kwa Peku ulikuwa mrefu. Kesho yake alilieleza benchi uamuzi: hisa ziuzwe kwa bei yoyote, ukatibu akubali, na fedha itumike kutayarisha ekari mbili Munisagara. Barua ya kuuza akaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa misheni. Kisha akaibeba mfukoni siku mbili, akipita posta asubuhi na jioni.

Ijumaa Donati aliinua macho kutoka kwenye birika akamwona Natalia akivuka barabara na ile barua mkononi. Alikwenda moja kwa moja posta, akaitia sandukuni, akarudi. Miguuni alivaa viatu vya mumewe. Vilimpwaya, na soli zake zilikuwa mpya kabisa.