Filipo Ojangole na Jina la Sita

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa Iyolwa, majirani wa Rubongi, na ninyi mliovuka mpaka kutoka Busia ya Kenya, usiku wa kuamkia jana, Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, nyumbani kwa marehemu ilisikika sauti moja tu, tak, ya swichi ya maikrofoni kuukuu iliyokwisha kung'olewa waya, ambayo marehemu alikuwa ameilaza kifuani, akaibonyeza kama alivyoibonyeza kila siku ya soko kwa miaka kumi na mitatu, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na asiseme neno. Mkewe, Mama Benedeta, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, alimwambia, "Sema basi, baba Okanya, hata mimi nimechoka kungoja," naye akageuza uso ukutani, na kabla hakujapambazuka alikuwa ametutoka. Historia hii inasomwa yote, pamoja na lile lililomshinda, kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo.

Marehemu Filipo Ojangole alizaliwa hapa Iyolwa tarehe 9 Agosti 1913, mtoto wa tatu wa mzee Ecweru, aliyelima wimbi na kufuga ng'ombe wachache, na mama Amuge, ambao wote walitangulia. Alisoma shule ya misheni ya Tororo kuanzia Januari 1923 hadi Desemba 1928, akamaliza darasa la sita, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba mwalimu alimpa yeye kusoma Maandiko kila asubuhi, kwa kuwa sauti yake ilifika benchi la mwisho bila yeye kuipandisha.

Mwaka 1930 aliajiriwa karani wa mizani katika kinu cha pamba cha Tororo, akakaa hapo miaka kumi na miwili, na tarehe 23 Aprili 1938 alifunga ndoa na Benedeta Akwi, wakajaliwa watoto watatu, Okanya, Ariokot na Ojulong, ambao wako hapa mbele yenu. Mwaka 1942 alichukuliwa jeshini, akapelekwa Burma, na huko kazi yake ilikuwa kubeba betri za kipaza sauti, kisha kukisemea, na aliporudi Mei 1946 alikuwa amekonda, anaamka kwa mshtuko, lakini sauti ilikuwa ileile.

Tarehe 3 Februari 1947 ofisi ya habari iliyokuwa Tororo ilimpa kazi ya kusoma habari sokoni, Jumanne hapo Tororo na Jumamosi Busia, juu ya lori lenye spika mbili. Alianza na bei ya pamba, akaendelea na chanjo ya ng'ombe, barua za serikali, habari za nchi za mbali, na mwisho kabisa alisoma majina ya waliofariki wiki hiyo, yaliyoletwa kwenye karatasi na machifu na wasimamizi wa kazi. Hapo wanaume walivua kofia, wanawake waliweka chini mizigo, na ikawa desturi ya soko letu kwamba hata mtu akiambiwa na jirani yake kuwa amefiwa, hakulia mpaka jina lisomwe, maana jirani aliweza kukosea, lakini karatasi ya Filipo haikuwa imekosea hata mara moja.

Mwaka 1950 Bwana Nasuru Swaliki alifungua duka la santuri upande wa Kenya, hatua mia mbili kutoka pale lori liliposimama, akafunga spika yake juu ya paa, naye pia akaanza kusoma habari, alizozisikiliza redioni alfajiri, na kila baada ya habari mbili alipiga wimbo, akatangaza dansi ya jioni, bendi gani inakuja, nani atapiga gitaa, na wanawake waingie bure. Watu walivuka. Bwana Nasuru aliwaita kwa spika, "Njooni huku! Hao wa ng'ambo wanawasomea bei ya pamba, pamba itacheza dansi?" na marehemu akamjibu naye kwa spika, "Nasuru bwana, habari zako za leo sisi tulizisoma juzi, tukafungia samaki," na soko zima likacheka, nusu ikirudi huku, nusu ikienda kule, wiki baada ya wiki.

Marehemu alituambia baadaye kwamba mwanzoni ulikuwa mchezo, kisha ukawa kazi, kisha ukawa uchovu, kwa sababu ofisi ilianza kumuuliza kila Jumatatu mbona watu wamepungua, ikamwambia wazi kwamba lori lisilo na watu litapelekwa wilaya nyingine. Basi naye akaanza kutia matangazo ya dansi katikati ya habari, kwanza moja, halafu matatu, akajifunza kuikata habari pale watu wanapoanza kugeuka, awachekeshe, kisha arudi alipoishia.

Alhamisi, tarehe 12 Juni 1952, shimo la dhahabu liliporomoka Tiira likafukia wachimbaji sita, na kwa kuwa udongo uliendelea kushuka halikufukuliwa, wakaachwa humo humo. Msimamizi alituma karatasi yenye majina sita, na Jumamosi, tarehe 14, marehemu aliisoma Busia mbele ya watu wengi kuliko siku yoyote, kofia zikiwa mikononi. Alipomaliza jina la tano, spika ya ng'ambo ilianza wimbo mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia, na akaona migongo ikigeuka, kwanza vijana, kisha wengine, naye, kwa mazoea ya mdomo tu, akaikata habari, akatangaza dansi ya Tororo usiku ule, bendi kutoka Jinja, akatia na mzaha mmoja ambao hakutaka kuurudia tena maishani, na watu wakarudi wakicheka, wakampigia makofi. Alipotazama tena karatasi, makofi yalikuwa bado yanaendelea, akaona haya kuliweka jina la maiti juu ya makofi yale, akaikunja, akaitia mfukoni, akijiambia atalisoma Jumanne.

Chini ya lori, karibu kabisa na spika, alikuwa amesimama Mama Alaso wa Tiira, ambaye mwanawe wa pekee alishuka shimoni Alhamisi ile, na aliposikia majina matano, na la mwanawe halimo, alipiga magoti palepale sokoni akamshukuru Mungu, akanunua nyama, akaenda nyumbani kupika. Marehemu alimwona akipiga magoti. Jumanne hakulisoma, na Jumamosi iliyofuata Mama Alaso alikuja kwenye lori, akamwambia kwa furaha, "Bwana Filipo, mtoto yangu haiko kwa karatasi, labda alitoka akaenda Kisumu kutafuta kazi, wewe ukisikia habari yake utasoma, eeh?" naye akajibu, "Nitasoma, mama."

Watu wa Tiira walimwambia mama huyu ukweli, tena mara nyingi, na kila mara aliwajibu kwamba lori la serikali halikumsoma, kwa hiyo hawajui wanalosema. Hakuomboleza, hakunyoa nywele, hakumruhusu mtu kugawa nguo za mwanawe, na kila jioni alifunika sahani moja ya chakula akaiweka kando. Kila Jumamosi alitembea kutoka Tiira, akauliza, "Leo iko?" na marehemu alijibu, "Leo haipo, mama," huku karatasi ikiwa mfukoni mwake, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo jina lilivyozidi kuwa zito, kwa sababu kulisoma sasa kulikuwa ni kumwambia pia kwamba sahani zote zile alizifunika bure, na kwamba ni yeye aliyemfanya azifunike.

Kuanzia Jumamosi ile ya makofi hakutangaza tena dansi. Watu walipungua, Septemba 1960 ofisi iliondoa lori, ikamstaafisha, ikamwachia ile maikrofoni iwe kumbukumbu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Novemba mwaka huo, miguu ikavimba, akalazwa hospitali ya Tororo mara mbili, na katika ugonjwa wote sauti yake haikuguswa, jambo lililomuumiza kuliko uvimbe. Januari Bwana Nasuru alikuja kumjulia hali, wakacheka kidogo mambo ya zamani, kisha marehemu akamtolea karatasi, akamsihi aisome kwenye spika yake. Bwana Nasuru aliisoma kimya, akairudisha, akasema, "Filipo ndugu yangu, mimi uninyang'anye watu, uninyang'anye wateja, nitacheka, lakini hili ulilimeza mwenyewe, mimi nitalitapikaje?" Ndipo marehemu alipomwita Mama Benedeta, akaagiza kwamba kama hataweza kulisoma mwenyewe, basi jina lile lisomwe siku ya kuzikwa kwake, mbele ya watu, kwa spika, kama ilivyopaswa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo, majirani wa Rubongi mliochota maji na kukesha nasi, Mzee Edeku aliyechonga jeneza, na wafanyakazi wenzake wa lori. Tunamshukuru Bwana Nasuru, ambaye leo, Jumamosi, siku ya soko, amefunga duka, akavuka mpaka na spika yake, ndiyo hii mnayosikia. Zaidi ya wote tunamshukuru Mama Alaso, aliyeketi hapa mbele, ambaye jana Mama Benedeta alikwenda kwake Tiira kwa miguu, akamwambia kuna karatasi, na yeye hakuuliza karatasi gani, alisimama tu, akajifunga kitambaa, akaja. Mama, hatukuombi umsamehe leo.

Nawe Filipo, pumzika sasa, kazi iliyokushinda tunaimaliza sisi.

Tunaomba wenye kofia wavue, na walio na mizigo waiweke chini. Waliofariki katika shimo la Tiira, Alhamisi, tarehe 12 Juni 1952, jina la sita: Yokana Imalingat, mwana wa Alaso.