Emmanuel Kipkirui na Kibuyu cha Mgeni

Wapendwa waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Emmanuel Kipkirui, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1987 huko Ainabkoi, mtoto wa pili wa Mzee Nicholas na Mama Esther, katika boma ambamo kibuyu kimoja cha mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa, kiliwekwa kando kila siku kwa ajili ya mgeni, na mtoto aliyekigusa alijuta.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ainabkoi kuanzia 1994 hadi 2001, akamaliza sekondari 2005, akahitimu shahada ya kompyuta 2011, na mwaka uliofuata akaajiriwa kutunza kompyuta za kliniki moja mjini Eldoret. Hapo ndipo, Aprili 2016, alipoanza ile programu inayoandika programu nyingine, yaani muuguzi anaeleza fomu za wagonjwa anazotaka, nayo inamwandikia msimbo wote wa kompyuta. Aliiweka mtandaoni bure, yeyote aisome na kuirekebisha, na kufikia 2021 zahanati kumi na tisa zilikuwa zikiitegemea.

Tarehe 8 Desemba 2018 alifunga ndoa na Janice Warigia, mwenye duka Yamumbi, wakajaliwa watoto wawili, Vivian Chebet mwaka 2019 na Kipkorir mwaka 2022.

Hatutaficha kwamba marehemu alikuwa na mkono usiotulia. Mtu mpya akileta marekebisho yake ya programu, hata yawe kazi nzuri, Emmanuel aliiandika upya kabla ya kuipokea, akidhani anasaidia, na wageni wakawa wanakuja na kutokomea. Mmoja wao, Mwalimu Antony Lusweti wa Kapseret, ndiye pekee aliyemwambia ukweli, kwa ujumbe ambao marehemu aliuhifadhi hadi mwisho: "Boss, kama utarudia kila kitu nafanya, si ujifanyie tu?" Kisha naye akaondoka.

Tarehe 9 Januari 2024 daktari alimweleza kwamba figo zake zimeshindwa, na hofu ikamwingia isitoke tena. Hakuogopa kaburi tu, aliogopa kwamba programu ikiharibika baada yake, dozi ya mtoto wa mtu itasomwa vibaya, na hakutakuwa na mtu hai anayejua pa kuanzia. Alimpigia Antony, akamwomba msamaha, akamsihi arudi, naye akarudi. Akaandika mwongozo wa wageni, akamketisha Janice, ambaye hakuwa amewahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, aufuate hatua kwa hatua, naye marehemu akiwa ameikalia mikono yake asije akaingilia. Janice alikwama hatua ya tatu, mwongozo ukaandikwa upya, akakwama hatua ya saba, ukaandikwa tena, mara kumi na moja. Janice anasema kila alipovuka hatua moja hofu ilimzidi, kwa sababu alijua mumewe anamfundisha kubaki bila yeye.

Ndipo marehemu alipoanzisha orodha ya kasoro ndogo ndogo, akaiita Kibuyu cha Mgeni, akajikataza kuzigusa, ziwe kazi ya kwanza ya yeyote atakayekuja. Moja ilikuwa ya watoto waliozaliwa tarehe 29 Februari, ambao fomu iliwakataa. Angeirekebisha kwa dakika tano. Alikaa nayo miezi minne akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akiitazama, akiiacha, na hakuna aliyekuja.

Alituacha Ijumaa, tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, mke wake akiwa kando yake, na kasoro ile ikiwa bado pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Yamumbi waliokesha nasi siku hizi zote, na wafanyakazi wenzake wa kliniki.

Tunamshukuru pia muuguzi mmoja ambaye hatujawahi kumwona, Bi. Chelimo, ambaye Jumanne hii, bila kujua kuna msiba, aliufuata ule mwongozo peke yake, bila kumpigia mtu simu, akairekebisha ile kasoro ya tarehe 29 Februari. Antony aliisoma kazi yake mara tatu na kuipokea bila kubadilisha chochote. Anatuambia aliogopa kukosea, na Janice naye bado anaogopa.

Emmanuel, pumzika sasa. Hofu yako tuachie, tutaibeba kwa zamu.