Mtambo Usiozeeka

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la kituo cha kufua umeme: benchi moja, birika moja la kahawa na wataalamu watatu wasiotakiwa popote. Spana alikuwa fundi humo ndani mpaka mwaka jana. Redio ana habari zote kabla hazijatokea. Bukta anauza nguo za michezo, ila kwa ubishi ana digrii. Leo mtambo wa gesi, Namba Mbili, umezimwa kwa kutetemeka, basi wamepata kazi.

— Unazunguka mara elfu tatu kwa dakika, akaanza Redio. Haraka haraka haina baraka! Wangeuzungusha taratibu.

— Taratibu utachemshia chai, akasema Spana.

— Mtambo umechoka tu, akadakia Bukta. Miaka sita bila likizo! Mvumilivu hula mbivu. Huu umevumilia mpaka ukala mapanga yake.

— Mapanga gani? akauliza Redio. Yaliibwa zamani, wakafunga ya feni!

— Wapuuzi nyie, akasema Spana. Niliupima kila asubuhi miaka mitano, mpaka naondoka. Joto la moshi nyuzi mia tano na kumi, halikupanda hata moja. Mtambo wangu hauzeeki.

Wakatikisa vichwa kwa heshima, majuha wale. Hapo akatoka getini mhandisi mpya, binti mwenye ovaroli, kakumbatia daftari kubwa.

— Shikamoo, Mzee Spana.

— Marahaba, mwanangu. Wananiomba nirudi?

— Hapana. Mapanga yanayozungushwa na moshi yakilika, joto la moshi unaotoka hupanda kidogo kidogo. Ndivyo tunavyojua yamechakaa kiasi gani. Wewe umeandika mia tano na kumi kila siku, hata siku mtambo ulipokuwa umezimwa. Juzi mtambo ulisoma mia tano na sitini. Ulipokuwa mpya ulisoma ngapi?

Spana akakohoa. Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

— Nilikuwa nanakili ya jana, akasema Spana. Sote tulinakili.

— Wakubwa wanataka nisaini uwashwe saa sita mchana. Bila namba ya kwanza sijui kama mapanga yatakatika yaruke nje; nasaini nini?

— Nani yuko zamu, pale ubavuni mwa mtambo? akauliza Spana.

— Mwanao.

Kahawa ikammwagikia mapajani, wala hakuipangusa.

— Usisaini, mama. Nakuomba.

— Wakubwa wanataka sababu, Mzee. Njoo uwape mwenyewe.

Spana akatutazama sisi wa benchi. Akavua kofia, akavuka barabara nyuma ya yule binti.